Homa ya matumbo isiyoishia tumboni

Wengi wetu tunaijua homa ya matumbo, au taifodi kama inavyoitwa mitaani. Tunajua kwamba huletwa na maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha mtu mwenye bakteria, na kwamba mgonjwa hupata homa, kuumwa kichwa, kukosa hamu ya kula na maumivu ya tumbo. Makala hii haitarudia hayo kwa kirefu. Inahusu yanayowapata wagonjwa wachache, mara nyingi baada ya wiki ya pili, wakati ugonjwa unapobadilika sura kiasi kwamba familia haiutambui tena. Mgonjwa anaanza kuweweseka na kuzungumza na watu wasiokuwepo. Mwingine anapepesuka kama mlevi. Mwingine homa yake inashuka ghafla, ndugu wanashukuru, kumbe utumbo umetoboka.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu milioni 9 hivi waliugua homa ya matumbo mwaka 2019, na 110,000 walifariki. Mtu akipata dawa sahihi mapema, hatari ya kufa ni ndogo sana. Bila dawa, wagonjwa 10 hadi 30 kati ya 100 hufa. Kati ya wanaolazwa hospitalini, 10 hadi 15 katika kila 100 hupata madhara makubwa, na wengi wao ni wale waliokaa na homa zaidi ya wiki mbili. Maana yake ni kwamba mtu wa kwanza kuona mabadiliko si daktari. Ni mama, jirani, mwalimu, au mhudumu wa afya wa kijiji anayepita nyumba kwa nyumba.

Safari ya bakteria mwilini

Ili kuelewa jinsi ugonjwa wa "tumbo" unavyoweza kumchanganya mtu akili, inabidi kujua kwamba bakteria huyu, Salmonella Typhi, hakai tumboni tu. Akishamezwa hupenya ukuta wa utumbo mwembamba kimya kimya. Huingia katika tezi, kisha katika damu, na kujificha ndani ya ini, bandama na uboho wa mifupa. Huko huzaliana, kwa kawaida siku 8 hadi 14, kabla mtu hajahisi lolote. Ndipo humwagika tena katika damu, na homa huanza kupanda siku hadi siku.

Akiwa katika damu anaweza kufika popote: kwenye mapafu, moyo, figo, mifupa, hata ubongo. Pia hushuka pamoja na nyongo kutoka kwenye ini na kurudi katika utumbo. Hapo hushambulia kwa mara ya pili mabaka ya kinga yaliyo mwishoni mwa utumbo mwembamba, karibu na mahali unapoungana na utumbo mpana. Mabaka hayo huvimba, sehemu zake hufa, na vidonda hubaki. Kidonda kikichimba mshipa, mgonjwa hutokwa na damu. Kikipita ukuta wote, utumbo hutoboka na uchafu humwagika ndani ya tumbo. Jambo hili hutokea zaidi katika wiki ya tatu, yaani wakati ambao familia imeshachoka kuuguza na mgonjwa mwenyewe anaonekana kama ametulia.

Vijiji vya mpakani, 2009

Mwaka 2009 ulizuka ugonjwa katika vijiji vya mpakani mwa Malawi na Msumbiji, katika eneo la wilaya za Neno na Tsangano. Watu walikuwa na homa, lakini baadhi yao walikuwa na mambo mengine ambayo si rahisi kuyahusisha na taifodi. Wapo waliokakamaa miguu. Wapo waliotembea kwa kuyumba, wakashindwa kushika kikombe bila kumwaga. Wachache walitetemeka na kufanya kila kitu pole pole, uso ukiwa hauonyeshi hisia, kama wazee wenye ugonjwa wa kutetemeka unaoitwa Parkinson.

Wachunguzi walipokusanya taarifa kutoka vijiji 18, walipata wagonjwa 303 kati ya Machi na Novemba mwaka huo. Wagonjwa 40 walikuwa na dalili za mfumo wa fahamu ambazo zilithibitishwa kwa kuwapima. Kati yao 22 waliyumba, 19 walikuwa na mikakamao na dalili nyingine za njia za fahamu zinazotoka kwenye ubongo, na 8 walikuwa na hali ile ya kutetemeka na kuwa wazito (wengine walikuwa na dalili zaidi ya moja). Watu 11 walikufa. Damu ilipooteshwa maabara, jibu lilikuwa homa ya matumbo.

Tafakari jinsi mambo hayo yangeonekana katika kijiji chochote cha kwetu. Kijana ana homa, kisha anaanza kuyumba na kusema maneno yasiyoeleweka. Mmoja atasema malaria imempanda kichwani. Mwingine atasema amelishwa sumu, na wa tatu atataja jina la jirani. Hakuna atakayesema maji. Hata mganga mkuu wa kituo, kama hajawahi kuona, anaweza kuandika homa ya uti wa mgongo, na si kosa la ajabu, kwa sababu dalili zinafanana.

Lilikuwepo jambo jingine. Bakteria wote 42 waliopimwa uwezo wa kuhimili dawa walikuwa sugu kwa ampisilini, kloramfeniko na kotrimoksazoli, yaani zile dawa tatu ambazo kwa miaka mingi ndizo zilizotegemewa. Kloramfeniko ilianza kutumika kwa homa ya matumbo mwaka 1948 na iliokoa watu wengi sana. Usugu huo haukuishia vijijini. Katika hospitali kuu ya Blantyre, mji mkubwa wa kusini mwa Malawi, wagonjwa waliothibitishwa maabara walikuwa wastani wa 14 kwa mwaka hadi 2010. Mwaka 2013 walizidi 700, na karibu wote walikuwa na bakteria sugu.

Kuhusu wale wanaoyumba au kukakamaa, habari njema ni kwamba kwa kawaida hali hiyo hupungua baada ya matibabu, ingawa huweza kuchukua wiki nyingi. Familia iambiwe hivyo, ili isimkatie mgonjwa tamaa mapema au kumfanya kichekesho.

Anayeweweseka

Neno taifodi lenyewe linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya moshi au ukungu. Watu wa kale walilitumia kwa homa zinazofunika akili. Mgonjwa amelala macho wazi, anakutazama lakini hakuoni. Ananung'unika chini chini, anachezea shuka kwa vidole kana kwamba anaokota kitu. Zamani, kabla ya dawa, hali hii ilikuwa ya kawaida katika ugonjwa mkali. Siku hizi ni nadra, na ndiyo maana imesahaulika. Kuna pia wachache ambao homa inapungua lakini tabia imebadilika: wanaogopa watu, wanakataa chakula wakidhani kina sumu, au hawasemi kabisa. Kwa wengi wao akili hurudi.

Hapa ndipo mgonjwa hupotea njia. Anapelekwa kwa mganga wa kienyeji, au anafungiwa chumbani aombewe siku tatu. Sisi ni watu wa imani na hatuna ugomvi na maombi. Lakini maombi yanaweza kufanyika ndani ya gari linaloelekea hospitalini, na naona hapo ndipo mahali pake panapofaa zaidi kwa mtu mwenye homa ya wiki mbili na akili iliyochanganyikiwa. Viongozi wa ibada wanaweza kuokoa maisha kwa kuuliza swali moja kabla ya kuwekea mtu mikono: alianza na homa?

Haraka hiyo ina sababu. Mwaka 1984 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Jakarta, Indonesia, kwa wagonjwa 38 wa homa ya matumbo iliyofikia kuweweseka, kupoteza fahamu au kuishiwa nguvu za mzunguko wa damu. Wote walipewa kloramfeniko. Nusu hivi waliongezewa dawa iitwayo deksamethasoni kwa kiwango kikubwa. Kati ya 20 walioipata, walikufa 2. Kati ya 18 wasioipata, walikufa 10. Tazama namba hizo mbili: zinaonyesha kwamba aliyefikia hatua hiyo yuko karibu sana na kifo, na pia kwamba hospitali ina kitu cha kumfanyia. Ila dawa hiyo si ya kununua dukani na kumpa mgonjwa nyumbani. Inaweza kuficha dalili za utumbo uliotoboka, na inahitaji mtu wa kumwangalia mgonjwa saa kwa saa.

Homa inaposhuka ghafla

Kama kuna jambo moja katika makala hii ambalo ningependa lisomwe kwa sauti katika kikundi cha akina mama, ni hili. Homa ya matumbo ikipona kwa dawa, hushuka kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Mwili ukipoa ghafla baada ya wiki mbili au tatu, mapigo ya moyo yakaenda mbio, mgonjwa akatokwa jasho la baridi na kupauka, huko si kupona. Anavuja damu ndani, au utumbo umetoboka.

Wahudumu wa afya wana njia rahisi ya kutofautisha. Katika homa nyingine nyingi, mwili ukichemka moyo hukimbia. Katika homa ya matumbo, mara nyingi mapigo huwa ya pole kuliko unavyotarajia kwa joto lile. Basi yale mapigo ya pole yakigeuka kuwa ya haraka huku joto likishuka, usisubiri asubuhi.

Dalili nyingine ni maumivu makali ya ghafla, mara nyingi upande wa chini kulia, tumbo kuwa gumu kama ubao, kuvimba, kutapika, na kushindwa kupata choo wala kutoa hewa. Choo cheusi kama lami, au chenye damu, ni ishara ya kuvuja. Lakini mgonjwa anayeweweseka huenda asilalamike maumivu hata kidogo. Mtoto aliyedhoofika naye hulala kimya tu akiwa amekunja magoti. Kwa hiyo mguse tumbo kila siku, usimuulize tu.

Kutoboka utumbo si jambo la mara kwa mara. Katika hospitali nyingi ni kama mgonjwa 1 hadi 3 kati ya 100 waliolazwa. Lakini mahali ambapo watu huchelewa, picha hubadilika. Kule Kasese, magharibi mwa Uganda mpakani na Kongo, madaktari wa upasuaji walianza kuona watu wengi mno wenye matumbo yaliyotoboka. Kuanzia mwisho wa Desemba 2007 hadi Julai 2009 walihesabiwa wagonjwa 577, na 249 kati yao walikuwa wametoboka utumbo. Watu 47 walikufa. Ni kweli kwamba wengi walioumwa kidogo hawakufika kwenye hesabu, na watafiti wenyewe walikadiria kuwa walioambukizwa walikuwa maelfu. Hata hivyo, matumbo 249 ya kupasuliwa katika hospitali za wilaya moja ni mzigo ambao hakuna wilaya iliyouandalia bajeti. Mlipuko huo uliendelea na kufika wilaya jirani ya Bundibugyo.

Anayedhaniwa kutoboka utumbo asipewe chakula wala kinywaji. Asipewe dawa ya kuharisha, asipigwe bomba la sabuni au majani. Najua nia ya bibi anayefanya hivyo ni njema, kwa kuwa anaona tumbo limejaa na choo hakitoki. Lakini shinikizo hilo humalizia kupasua kilichobaki. Anachohitaji ni maji ya mshipani, dawa za sindano za kuua bakteria, na upasuaji mapema iwezekanavyo.

Mahali pengine bakteria anapojificha

Mtoto mwenye selimundu anahitaji uangalizi wa pekee. Bakteria wa jamii ya Salmonella, wa taifodi na hata wale wengine, hupenda kukaa katika mifupa yake iliyokosa damu ya kutosha. Mguu au mkono unavimba na kuuma, na familia inadhani ni yale maumivu yake ya kawaida. Ikiwa homa haiishi na sehemu moja imevimba na kuwa ya moto, apigwe picha na damu ipimwe. Hata kwa mtu asiye na selimundu, bakteria anaweza kubaki ndani ya mfupa au uti wa mgongo na kutokeza miezi mingi baada ya homa kusahaulika.

Moyo ukishambuliwa, mgonjwa huchoka kupita kiasi, hupumua kwa shida na mapigo hukosa mpangilio. Huyu asiinuke kwenda shambani kwa sababu tu homa imekwisha. Mfuko wa nyongo unaweza kuvimba na kuuma chini ya mbavu za kulia. Macho huweza kuwa ya manjano. Bandama nayo inaweza kufanya jipu. Mkojo mweusi kama soda ya kola unaweza kuwa dalili kwamba damu inavunjika, au figo zimeguswa. Mama mjamzito asipotibiwa anaweza kuharibu mimba au kuzaa kabla ya wakati, naye asijinunulie vidonge, kwa kuwa si kila dawa inamfaa. Baadhi ya wagonjwa husikia kwa shida wakati wa homa, na mara nyingi masikio hufunguka baadaye.

Taifodi ya kila mtu

Kuna kikwazo kinachofanya hayo yote yasionekane, nacho tumekitengeneza wenyewe. Katika miji yetu mingi, kila mwenye homa akipimwa huambiwa ana "malaria na taifodi". Kipimo kinachotumika mara nyingi ni Widal, tone la damu lenye majibu ya haraka. Kipimo hicho hutafuta kinga ya mwili, si bakteria mwenyewe. Mtu aliyewahi kuugua zamani, au aliyepata maambukizi mengine, anaweza kuonekana anayo. Aliye na ugonjwa kweli katika wiki ya kwanza anaweza kuonekana hana.

Matokeo yake ni mabaya pande zote mbili. Wasio na ugonjwa wanameza antibiotiki bure, na usugu unaongezeka. Neno taifodi limekuwa jepesi kama mafua, hivyo mtu akiambiwa ndugu yake ana taifodi hashtuki. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu maabara, ambacho nacho hukosa bakteria katika wagonjwa 4 hivi kati ya 10, hasa waliokwisha kumeza antibiotiki. Kwa sababu hiyo, jibu la "hakuna" lisimrudishe nyumbani mtu mwenye homa ya wiki mbili na tumbo gumu.

Waliopona na wasioumwa

Wagonjwa 5 hadi 10 kati ya 100 huugua tena wiki mbili au tatu baada ya kumaliza dawa. Na wachache, kati ya 1 na 5 katika 100, huendelea kubeba bakteria katika mfuko wa nyongo kwa zaidi ya mwaka bila kuumwa, hasa wanawake na wenye mawe ya nyongo. Anayejulikana zaidi duniani ni Mary Mallon, mpishi mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi katika nyumba za matajiri New York. Alitengwa kwa nguvu mwaka 1907, akaachiwa 1910, akarudi kupika, akatengwa tena 1915 hadi kifo chake 1938. Hakuwahi kukubali kwamba ana ugonjwa, na ukimfikiria mtu mwenye afya anayeambiwa hivyo, unamwelewa. Leo wabebaji wengi wanaweza kutibiwa. Kwa mpishi wa shule, wa hoteli au wa sherehe za kanisa, sabuni na maji ya kutiririka karibu na choo ni bora kuliko kumnyooshea kidole.

Chanjo mpya inayoweza kutolewa tangu miezi 6 ilijaribiwa Blantyre kwa watoto wapatao 28,000 na kuzuia zaidi ya visa 8 kati ya 10. Malawi iliingiza chanjo hiyo katika huduma za kawaida mwaka 2023, na Kenya ilianza 2025. Uliza katika kliniki yako ya watoto kama imefika.

Unapomsindikiza mgonjwa

Ukiwa mhudumu wa kijiji na unampeleka mtu mwenye dalili tulizoeleza, andika barua fupi hata kwenye karatasi ya daftari. Taja homa ilianza tarehe ngapi, kwa kuwa daktari akijua kwamba hii ni siku ya 18 atafikiri tofauti na akiambiwa "ana homa". Andika dawa zote alizomeza na kwa siku ngapi, na kama ana selimundu au mimba. Andika siku ambayo akili ilibadilika, au saa ambayo maumivu ya ghafla yalianza, au joto liliposhuka. Kama kuna wengine wenye homa kama hiyo nyumbani au wanaochota maji kisima kimoja, taja idadi yao. Taja pia dawa za kienyeji kama zilitumika, bila kumlaumu mtu, kwa sababu baadhi huharisha, na daktari anahitaji kujua hilo kabla ya kupasua.